Silinda ndogo iliyomsumbua fundi wa Glasgow: historia ya mashine ndogo za mvuke

Mwaka 1763, mashine moja ndogo ya mvuke ya Chuo Kikuu cha Glasgow, huko Uskoti, ilikuwa imelala. Walimu waliitumia kuwaonyesha wanafunzi namna mashine kubwa zilivyovuta maji kutoka migodini. Ilikuwa imekwisha kupelekwa London ili itengenezwe, ikarudi, na bado haikwenda. Profesa John Anderson akamkabidhi kijana mmoja aliyekuwa na chumba chake cha kazi ndani ya chuo. Jina lake James Watt, umri wake miaka 27, kazi yake kutengeneza vyombo vya kupimia.

Watt alikuwa ndani ya chuo kwa sababu mjini hakukubaliwa. Inasimuliwa kwamba chama cha mafundi wa Glasgow kilimkatalia kufungua duka, kwani hakuwa ametimiza miaka saba ya kujifunza kazi kama kanuni yao ilivyodai. Chuo hakikuwa chini ya chama hicho, kikampa pahali pa kuweka meza na tupa zake. Hivyo mashine iliyokuja kubadilisha viwanda vya dunia ilipita kwanza katika mikono ya fundi aliyenyimwa nafasi na wenzake.

Watu wengi wanajua jina la Watt. Wachache wanajua kwamba alianza kwa kurekebisha kitu kidogo cha kufundishia, na kwamba shida yote ilikuwa katika silinda yake.

Silinda ni bomba fupi lililofungwa, na ndani yake pistoni inakwenda na kurudi. Kila mwenye pikipiki anayo moja chini ya tangi lake. Tofauti ni kwamba katika pikipiki petroli inawaka ndani ya silinda yenyewe, lakini katika mashine ya mvuke moto uko mbali kidogo, chini ya boila. Maji yanachemka, mvuke unaletwa kwa bomba hadi kwenye silinda, unasukuma pistoni, kisha unatolewa nje. Pistoni ikiwa imelegea, mvuke unapita pembeni yake na nguvu inapotea. Ikiwa imebana kupita kiasi, inasaga ukuta au inakwama. Historia yote inayofuata inazunguka nafasi hiyo nyembamba iliyopo kati ya pistoni na ukuta wa silinda.

Mashine ya chuo ilifuata mtindo wa Thomas Newcomen, Mwingereza aliyejenga pampu yake ya kwanza ya mgodini mwaka 1712. Ndani yake mvuke ulijaza silinda, kisha maji baridi yakarushwa humo humo ili mvuke ugeuke maji. Pahali pakabaki patupu, na hewa ya nje ikasukuma pistoni kushuka. Halafu mvuke mwingine ukaingia, nao ukalazimika kwanza kupasha moto chuma kilichokwisha kupozwa.

Silinda ya mashine ile ndogo ilikuwa na upana wa milimita 50 hivi, na pistoni ilisafiri milimita 150 hivi. Watt aliitengeneza, akawasha moto, mashine ikapiga mara chache, ikazimika. Boila haikutosha. Mtu mwingine angejenga boila kubwa zaidi na kudai malipo yake. Watt akauliza kwa nini boila iliyopimwa sawasawa na silinda yake ilishindwa, wakati zile kubwa za migodini zilifanya kazi usiku na mchana.

Jibu ni hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya sekondari anaiweza. Ukipunguza urefu na upana wa silinda mara mbili, ngozi yake ya ndani inapungua mara 4, lakini nafasi ya kubeba mvuke inapungua mara 8. Kwa hiyo silinda ndogo ina ukuta mwingi kwa mvuke mchache. Mvuke unagusa chuma baridi pande zote, unageuka maji kabla ya kufanya kazi. Ni sababu ile ile inayofanya chai ya kikombe ipoe wakati chai ya sufuria kubwa bado inaunguza. Mashine kubwa nazo zilikuwa zinapoteza mvuke kwa njia hiyo, ila hasara yake haikuonekana kwa macho. Udogo ndio uliofichua ugonjwa.

Mwaka 1765 Watt akapata dawa: mvuke upozwe katika chombo kingine, pembeni, na silinda ibaki moto wakati wote. Cheti cha kulinda uvumbuzi huo alikipata mwaka 1769.

Halafu yakaja mateso ya miaka mingi. Wazo lilikuwa zuri, lakini hakukuwa na fundi wa kutoboa silinda kubwa ikawa duara sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Katika mtindo wa Newcomen kasoro hiyo ilivumilika, kwa sababu maji yaliyomwagwa juu ya pistoni yaliziba nyufa. Mashine ya Watt haikuruhusu maji, kwani yangepoza silinda tena. Akajaribu kuziba kwa vitambaa vilivyolowekwa mafuta, kwa karatasi, hata kwa kinyesi cha farasi. Mvuke ukaendelea kupita. Mfadhili wake John Roebuck akafilisika mwaka 1773. Mwaka huo huo mke wa Watt, Margaret, akafariki, akamwachia watoto. Miaka 10 baada ya kupokea mashine ya chuo, mtu huyu alikuwa na cheti cha uvumbuzi bila mashine ya kuuza.

Aliyemtoa hapo hakuwa mwanasayansi. John Wilkinson alikuwa mfua chuma aliyetengeneza mizinga ya vita. Katika mashine za zamani za kutobolea, fimbo yenye kisu ilishikwa upande mmoja tu, ikainama kwa uzito wake, na tundu likapinda pamoja nayo. Mwaka 1775 Wilkinson aliipitisha fimbo ndani ya silinda yote na kuishika pande zote mbili. Matthew Boulton, tajiri wa Birmingham aliyekuwa ameshirikiana na Watt, aliandika kwa furaha kwamba silinda yenye upana wa sentimita 127 haikukosea hata unene wa sarafu moja ya shilingi. Leo fundi wa garaji akiambiwa silinda imekosea unene wa sarafu ataitupa. Wakati ule ilikuwa ajabu. Mashine za kwanza za Watt zikaanza kazi mwaka 1776.

Gari la moshi nalo, huko Uingereza, lilianza likiwa dogo. William Murdoch alikuwa mfanyakazi wa Boulton na Watt, akisimamia mashine za migodi katika jimbo la Cornwall. Mwaka 1784, katika mji wa Redruth, alitengeneza kigari cha magurudumu matatu kinachokwenda kwa mvuke. Silinda yake ilikuwa na upana wa milimita 19, yaani kama kidole gumba, na pistoni ilisafiri milimita 50 hivi. Kilikimbia chenyewe sakafuni. Kuna hadithi kwamba usiku mmoja Murdoch alikijaribu barabarani na padri wa mji akakimbia akidhani ni shetani. Pengine imeongezwa chumvi, lakini watu wa Redruth wanaipenda.

Kilichofuata hakina uzuri. Mwaka 1786 Murdoch alikuwa njiani kwenda London kuomba cheti cha uvumbuzi wake. Boulton akakutana naye huko Exeter, akamshawishi ageuze. Watt hakupenda mvuke wenye msukumo mkubwa, akiona ni hatari, wala hakutaka fundi wake mzuri apoteze muda barabarani. Mtu aliyekataliwa na mafundi wa Glasgow sasa alikuwa na uwezo wa kumzuia mwingine, akautumia. Kigari kikarudi nyumbani. Kimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho huko Birmingham.

Kazi ikachukuliwa na Richard Trevithick, naye mtu wa Cornwall, naye akianza na mifano midogo kabla ya kujenga kikubwa. Tarehe 21 Februari 1804, huko Penydarren katika nchi ya Wales, mashine yake ilivuta tani 10 za chuma na watu 70 kwa karibu kilometa 15 juu ya reli.

Kutoka hapo magari ya moshi yakaenea haraka, na yakafika Kongo pamoja na ukoloni. Reli ya Matadi hadi Léopoldville, ambayo ni Kinshasa ya leo, ilianza kujengwa mwaka 1890 na ikafunguliwa mwaka 1898, baada ya wafanyakazi wengi kupoteza maisha katika milima ya Bas-Congo. Elisabethville, sasa Lubumbashi, ilifikiwa mwaka 1910 kutoka upande wa kusini. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ikafika ziwani Albertville, mji unaoitwa leo Kalemie. Vichwa vyote vya treni vya wakati huo vilikuwa vya mvuke, na pistoni ndani ya silinda zake zilihitaji mtu wa kuziangalia kila siku.

Mwaka ule ule wa 1898, wakati treni ya Matadi inafunguliwa, huko London Percival Marshall alianzisha gazeti la watu wanaotengeneza mashine ndogo nyumbani. Liliitwa The Model Engineer. Wasomaji wake walikuwa makarani, walimu, madereva, wafanyakazi wa viwandani, watu waliokuwa na chumba kidogo nyuma ya nyumba na mashine ya kukereza chuma iliyozungushwa kwa mguu. Mashine zao hazikuwa sanamu za kuwekwa kabatini. Zilikuwa na moto wa kweli, maji ya kweli na mvuke wa kweli.

Lakini zilikuwa na kizuizi kile kile alichokutana nacho Watt. Wataalamu wengi wa mwanzo wa karne ya 20 waliamini kwamba kichwa cha treni kidogo hakiwezi kutumia makaa ya mawe na kumvuta mtu mzima. Silinda inapoteza joto mno, boila inachoka. Viwanda viliuza treni ndogo zinazowashwa kwa spiriti, zenye nguvu ya kujivuta zenyewe na mabehewa ya kuchezea.

Aliyepinga alikuwa mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye treni za kampuni ya London, Brighton and South Coast. Akiandika alijiita L.B.S.C., herufi za kampuni hiyo. Marafiki walimwita Curly Lawrence. Alikuwa amejenga kichwa cha treni kinachoitwa Ayesha, kwa reli zenye nafasi ya milimita 63.5 tu kati yake. Kilichoma makaa, na kilimvuta mtu mzima aliyeketi nyuma yake. Mwaka 1922 akaandika hayo gazetini. Henry Greenly, mchoraji mashuhuri wa treni ndogo, alikuwa upande wa pili. Mabishano yakaendelea hadi mwaka 1924, mashine zikajaribiwa mbele ya watu mjini London, na wapenzi wa mashine wanayaita hadi leo vita vya maboila. Ayesha ilifanya ilichosemwa haiwezi. Tangu mwaka huo Lawrence akawa na ukurasa wake katika gazeti, akaendelea kwa zaidi ya miaka 30 akiwafundisha watu wasiokuwa na diploma yoyote namna ya kutoboa silinda na kuipatanisha na pistoni.

Maelekezo ya kazi hiyo yanafaa kuelezwa, maana ndipo akili ya mafundi hawa inapoonekana.

Adui wa kwanza ni maji. Mashine ikiwashwa ikiwa baridi, mvuke wa kwanza unageuka maji ndani ya silinda, na maji hayabanwi. Pistoni ikija kwa nguvu, inaweza kuvunja mfuniko au kupinda fimbo yake. Ndiyo sababu kuna vijibomba vya kutolea maji chini ya kila ncha ya silinda. Vinafunguliwa mwanzoni mpaka mvuke mkavu utoke. Treni kubwa zilifanya hivyo hivyo. Wazee waliosafiri kwa treni za moshi wanakumbuka wingu jeupe lililotoka karibu na magurudumu wakati wa kuondoka stesheni. Wengi walidhani ni mbwembwe za dereva.

Adui wa pili ni ukavu. Mvuke wenye msukumo wa kilo 5 na nusu kwa kila sentimita ya mraba una joto la nyuzi 160 na kidogo, na unaosha mafuta ukutani. Mafuta ya kawaida ya gari hayafai, hayashiki juu ya chuma chenye unyevu. Yanatumiwa mafuta mazito ya silinda, na kuna chombo cha kuyapeleka ambacho hakina kitu kinachozunguka ndani yake. Mvuke kidogo unaingia katika kikopo kilichojaa mafuta, unapoa, unageuka maji, maji yanazama chini kwa sababu ni mazito, na tone la mafuta linasukumwa juu kuelekea kwenye silinda. Ni ujanja rahisi, na mashine haiwezi kudumu bila huo.

Namna ya kugundua silinda iliyochoka pia haihitaji vyombo vya bei. Fundi anazuia magurudumu, anafungua vijibomba vya chini vya ncha zote mbili, kisha anaachia mvuke kidogo upande mmoja. Mvuke ukitokea ncha zote mbili, pistoni inavujisha. Kisha anaweka valvu katikati, pahali inapoziba njia zote. Mvuke ukitokea kwenye bomba la moshi, valvu ndiyo mbovu. Hata kabla ya kufanya hivyo, mwenye sikio anajua: mashine nzima inapumua kwa mapigo yaliyo wazi, iliyochoka inatoa mlio mrefu usiokatika.

Valvu ya kuteleza ni kibao cha chuma kinachosugua juu ya uso bapa wenye matundu. Ikikwaruzika, inasawazishwa juu ya kioo kinene kilichowekwa msasa laini, mkono ukizunguka kama unaandika namba 8. Kwa nini kioo? Kwa sababu ni kitu bapa kuliko karibu vyote ambavyo mtu wa kawaida anaweza kupata kwa bei ndogo. Silinda yenyewe ikiwa na mikwaruzo midogo, inasuguliwa kwa kipande cha mviringo cha mti au chuma laini kilichopakwa unga wa kusugulia, kikizungushwa na kusogezwa mbele na nyuma bila kusimama. Baadaye kila punje inaoshwa, la sivyo itaendelea kula chuma wakati wa kazi. Mikwaruzo ikiwa mirefu, hakuna njia ila kutoboa upya na kutengeneza pistoni mpya kubwa zaidi, au kuingiza bomba jipya ndani ya lile la zamani, kama mafundi wa pikipiki wanavyofanya.

Silinda za chuma cha kusubu hudumu, lakini zinashika kutu zikiachwa na unyevu. Za mchanganyiko wa shaba hazishiki kutu, ila ni laini na zinachakaa mapema. Kwa zile za chuma zinawekwa pete za chuma kwenye pistoni. Kwa zile za shaba ilizoeleka kuzungushia uzi uliopakwa grafiti. Kati ya silinda na mfuniko wengi waliweka karatasi ya kahawia ya kufungia vitu, iliyolowekwa mafuta. Inazuia mvuke vizuri.

Zamani uzi huo ulikuwa wa asbesto. Mafundi waliukata kwa mikono na kuuchambua mezani bila kujua kwamba vumbi lake linaharibu mapafu na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Leo hautumiwi tena katika kazi hii. Yeyote anayekuta mashine ya zamani sana yenye uzi mweupe uliokauka kwenye pistoni asiupulize wala asiuguse ukiwa mkavu.

Siku ya kazi ikiisha, mvuke wa mwisho unatumiwa kupuliza maji nje ya silinda wakati chuma bado ni moto. Mafuta yanamiminwa ndani, magurudumu yanazungushwa kwa mkono mara chache, ndipo mashine inalala. Silinda nyingi zilizoharibika hazikuharibiwa na kazi. Ziliharibiwa na kabati, miezi 6 zikiwa na maji ndani.

Lawrence alifariki mwaka 1967. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Agosti 1968, reli ya taifa ya Uingereza iliendesha treni yake ya mwisho ya mvuke katika njia kuu za kawaida. Vichwa vya treni kwa maelfu vilikatwa kuwa vyuma chakavu. Waliojua kupatanisha pistoni na silinda walihamishiwa dizeli au walistaafu, na ujuzi wao ungekwenda nao kaburini. Haukwenda wote. Kwanza kulikuwa na watu wa kujitolea waliookoa reli ndogo nzima, kuanzia ile ya Talyllyn huko Wales mwaka 1951. Kisha kulikuwa na hawa wa vyumba vya nyuma ya nyumba, ambao kwao kutoboa silinda haikuwa kumbukumbu, ilikuwa kazi ya Jumamosi iliyopita.

Mwaka 2008 Waingereza walimaliza kujenga kichwa kipya kikubwa cha treni ya mvuke, Tornado, huko Darlington, baada ya kazi iliyoanza mwaka 1994. Boila yake ililazimika kutengenezwa Ujerumani, katika mji wa Meiningen, kwa sababu nchi iliyoanzisha magari ya moshi haikuwa tena na kiwanda cha kutengeneza boila ya namna hiyo.

Michoro ya Lawrence bado inafuatwa. Mwanafunzi anayeanza hupewa mara nyingi mchoro wa kichwa kidogo alichokiita Tich, chenye magurudumu manne na silinda mbili zenye upana wa milimita 17 na nusu hivi, ndogo hata kuliko ile ya Murdoch. Kikiwashwa makaa, kinamvuta mtu mzima.